Mto Ule Mida Alinawa

Awino nyathina, mtoto wangu,

Uko kwa kina Pendo, rafiki yako, unaaga, na mimi niko hapa nje, nimegeuza ndoo nimeikalia, karatasi iko juu ya goti. Karatasi ni mpya. Nimeinunua leo asubuhi dukani pamoja na peni, nikaja nayo mpaka hapa bila kuingia nayo kwa nyumba. Mikono nimenawa mara tatu na sabuni ya kipande mpaka ngozi inauma. Sitaki kitu yoyote ya ile nyumba iingie kwa sanduku yako, hata barua.

Ulisema utarudi saa kumi na mbili. Sasa ni saa nane na kitu. Kwa hivyo niko na masaa karibu manne ya kuongea na wewe bila wewe kuniangalia, kwa sababu ukiniangalia maneno yangu yote yanakimbia.

Mambo ya sweta, ya mswaki, ya kusalimia watu wa huko kisiwani, mama yako atakwambia kesho akija kukuchukua. Mimi nataka kuongea juu ya Mida, yule mfalme wa dhahabu. Najua umekunja uso hapo. "Baba, Mida tena?" Ndiyo, tena. Lakini safari hii si hadithi ya kukulaza.

Kwanza niondoe uwongo mmoja mdogo, ndiyo nipate njia ya kufikia ile kubwa. Nilikuwa nakwambia ati ile kitabu ya miungu ya Wagiriki na Waroma nilipewa na mzungu wa mgodi, ati aliona nina akili. Hakuna mzungu alinipea kitu. Walihama ule mgodi kabla mimi sijazaliwa. Nilikuwa na miaka kumi na nne, shule imeniachia darasa la saba, na nilikuwa naingia kwa zile nyumba zao za mawe zilizobaki tupu kung'oa misumari ya kuuza. Siku moja nikakuta kabati imejaa kichuguu. Nikapiga nyundo, udongo ukamwagika, na ndani ya udongo, kitabu. Mchwa walikuwa wamekula jalada, wamekula kurasa za mwisho, na kwa kila hadithi walikuwa wamechukua yao. Zingine walibakisha kichwa bila miguu. Nilikaa kwa hiyo sakafu na Kiingereza yangu ya darasa la saba, nikasoma mpaka jua likatoka kwa dirisha hii likaingia kwa ile ingine. Msumari sikung'oa hata mmoja.

Halafu nikatoka hapo nakimbia. Hakuna mahali nilikuwa naenda, Awino, nilikuwa nakimbia tu! Kwa sababu nilikuwa nimeona kitu, peke yangu, bila mwalimu. Nilikuwa nimeona hao watu hawaongei juu ya miungu. Wanaongea juu ya kifua ya mtu. Mtu ana wivu, na wivu haina sura, huwezi kuishika. Sasa wao wanaitoa nje, wanaipatia jina, wanaipatia miguu na nywele, inatembea barabarani, na wewe unasema, ah, kumbe ni wewe! Kuna yule mzee alikuwa anameza watoto wake wakizaliwa, kwa sababu anaogopa watakua wamshinde. Nilisoma hiyo nikamjua baba yangu mzima mzima. Nilikuwa nimemuogopa miaka kumi na nne, na siku hiyo nikamuonea huruma.

Nikamwambia baba yako mkubwa, Onyango. Nilimfuata nikimweleza mpaka mate inaruka. Akaniangalia akasema, "Omera, ndugu yangu, na hao Wagiriki wanakula nini?"

"Sijui."

"Basi achana nao. Kuja tuchimbe."

Nikaenda tukachimba. Nikakupata wewe nikiwa na miaka kumi na nane, nikaendelea kuchimba. Sasa nina thelathini.

Mida yangu ilikuwa imeliwa katikati. Mfalme anapenda dhahabu. Mungu mmoja anamwambia, omba unachotaka. Anaomba kila kitu atashika igeuke dhahabu. Anashika jani, dhahabu. Anashika mkate, dhahabu, analala njaa. Halafu msichana wake anakuja mbio kumsalimia, na yeye anasahau, anamkumbatia. Hapo mchwa wakafunga hadithi. Kurasa mbili, udongo tu.

Kwa hivyo miaka hii yote nimeishi na hiyo hadithi imesimama hapo, mkono wa baba uko kwa bega ya mtoto. Nilifikiria ndiyo mwisho. Na nilifikiria inaongea juu ya watu wengine! Wale wanunuzi wa Migori mjini na mizani yao ndogo kwa kabati ya kioo. Mida ni mfalme, mimi nina suruali mbili. Dhahabu yangu ni vumbi, ukipiga chafya imekwisha. Nilikuwa nasoma vizuri sana, nakwambia, nilikuwa naona kila mtu ndani ya hiyo kitabu. Baba yangu nilimuona. Onyango nilimuona. Chifu nilimuona mara tatu.

Kazi yetu unaijua, lakini nataka mkono wangu uiandike. Unaponda mawe mpaka iwe unga. Unaosha kwa karai. Unamwaga mekuri, ile wengine wanaita zebaki, inazunguka inakamata dhahabu. Unakamua kwa kitambaa, inabaki kijidonge nyeupe. Kijidonge unaweka kwa jiko, mekuri inapanda na moshi, dhahabu inabaki chini. Na watu wa shimo wote tunachomea ndani. Tunasema ni upepo. Si upepo. Ukichomea nje kila mtu ataona leo umepata, na kufika jioni una shemeji sita. Kwa hivyo unafunga mlango, unafunga dirisha, unaweka jiko katikati ya nyumba, na mtoto wako amelala kwa mkeka hapo karibu. Mwaka wa elnino mashimo ilijaa maji, tukahamia kuosha mchanga wa mto. Mchanga inatoa kidogo kidogo, kila siku. Tukawa tunachoma kila siku.

Na wewe ulikuwa unaipenda. Nakumwagia tone kwa sahani ya bati, unaisukuma na kidole, inagawanyika inakuwa watoto kumi, unasukuma tena inarudiana. Ulikuwa unacheka mpaka unalala chini! "Baba, angalia, wamemkumbuka mama yao." Ulikuwa na miaka sita. Ukifika nane ulikuwa unakamua kitambaa kunishinda, vidole vyako vidogo havipotezi kitu. Nilikuwa nakusifu mbele ya watu.

Kwa chupa ya mekuri kulikuwa na jina ya yule mungu wa Waroma mwenye mabawa kwa viatu. Nilifurahi kama mjinga. Niliona kitabu na kazi zimesalimiana. Nikakwambia anabeba ujumbe wa miungu, anapita juu ya maji bila kulowa. Lakini ana kazi ingine huyo, na hiyo sikukwambia, nilisema utaogopa. Yeye ndiye anashika waliokufa mkono kuwapeleka chini.

Mama yako alipoteza tumbo mbili kwa ile nyumba. Watu wa boma wakasema ni chira, kuna mwiko amevunja, ati alipanda shamba yake kabla ya mke wa Onyango kupanda, na mke wa mkubwa ndiye wa kwanza. Walimweka hapo katikati wakamuuliza. Yeye hakuwajibu. Alikuwa ananiangalia mimi tu. Kwa sababu alikuwa ameshaniambia, si mara moja, "Hiyo moshi inanigonga kichwa. Si uchomee nje?" Na mimi nikasema nitachomea nje kesho. Miaka miwili nilikuwa nasema kesho. Na hiyo siku ya chira ningeweza kusimama niseme, jamani, labda ni moshi. Nikaangalia chini. Chira ilikuwa ni yake, moshi ingekuwa ni yangu.

Akaenda kwa kaka zake Mfangano, kule kisiwani katikati ya ziwa. Alitaka kwenda na wewe. Unakumbuka nilisimama kwa mlango? Nikasema mtoto ni wa boma ya baba yake, hakuna mtoto wa ukoo huu anaenda kulelewa na wajomba kama hana kwao. Onyango akanipigia makofi. Mimi, mtu wa vitabu, mtu ambaye ameonea baba yake huruma, nikasimama hapo nikakumeza mzima.

Halafu nikaanza kukusomea ile ya Persefone, yule msichana alikuwa anachuma maua, ardhi ikafunguka, mfalme wa chini akamchukua, mama yake akazunguka dunia yote na mwenge akimuita. Nililia, unakumbuka? Ukanipangusa na mkono ya nguo yako. Nilifikiria namlilia mama yako. Awino, kwa hiyo hadithi kuna mtu kazi yake ni chini ya ardhi. Mali yake iko chini ya ardhi. Ameweka mtoto wa mtu karibu naye ndani ya giza, anampenda kabisa, na anashangaa kwa nini mtoto hachangamki. Nilisoma hiyo mara ngapi? Nilikuwa nampita hapo kama jirani simsalimii.

Ilianza na kijiko. Uji ikawa inamwagika. Halafu mwalimu akatuma daftari yako nyumbani, herufi zimelala, zimeinuka, zimepanda mstari wa juu. Ukawa unakasirika bure, unalia bure. Wamama wakasema ni juogi, roho za ziwa zimekuchagua, inataka kuchinjiwa. Nilikataa mambo ya juogi, nikajiona nimesoma. Na jioni ukaniuliza, ukiwa umeshika mkono mmoja na ingine, "Baba, mbona mkono yangu hainisikii?"

Nisikilize hapa. Hapa ndipo nilikuwa nakuja tangu mwanzo.

Nilikuwa nimeshajua. Si kujua ya daktari, lakini kujua. Mekuri ilikuwa inanitetemesha mimi pia vidole asubuhi. Na nikakwambia, "Kulikuwa na msichana mahali inaitwa Delfi. Alikuwa anakaa kwa kiti ya miguu tatu, mahali mlima umepasuka, moshi inatoka chini inampanda. Anatetemeka. Na akitetemeka, mungu anaongea kupitia yeye. Wafalme wanapanga laini kumsikiza."

Halafu ukauliza, "Na mimi nitaongea nini?"

"Sijui. Itakuja."

Uliacha kulia. Uso yako ikawaka. Siku iliyofuata nikianza kazi, ulienda ukachukua ile kiti ya miguu tatu ya jikoni, ukaiweka karibu na jiko, ukakaa mgongo umenyooka kama mtu wa picha, ukasema, "Choma, baba, niongee."

Na mimi nikachoma.

Nimekaa na hiyo mstari dakika nyingi. Kuku ya jirani imekuja ikapita. Hata sina la kuongeza juu yake, lakini nitaongeza, kwa sababu mimi nikinyamaza ndiyo mambo huharibika. Hadithi ilikuwa imeniambia kila kitu! Moshi kutoka chini. Msichana. Kutetemeka. Walikuwa wameandika mpaka kiti! Watu wa zamani, mbali huko, waliona mtoto wa mtu amekalishwa kwa moshi na wanaume wazima wamepanga laini wakingoja faida, wakaiweka kwa hadithi ili sisi tuione. Na mimi nikaichukua nikakufunika nayo kama shuka, usione, nami nisione. Wamama na juogi yao walikuwa wanakudanganya kwa sababu hawajui. Mimi nilikudanganya kwa kitu ya kweli. Kama nitakuachia kitu moja ya kubeba, ni hiyo tu, na si ushauri, ni kovu nakuonyesha. Mtu akikupatia hadithi tamu wakati mwili wako unauma, hata kama ni mtu anakupenda, angalia mikono yake iko wapi.

Mwalimu wako ndiye alisema nikupeleke hospitali ya Homa Bay. Yule daktari alikuwa msichana kama wa rika yangu. Alishika mkono wako, akauachilia, akauangalia ukicheza. Akaniuliza, "Baba anafanya kazi gani?"

Nikasema, "Biashara ndogo ndogo."

Wewe ukasema, "Anachoma dhahabu."

"Anachomea wapi?"

Wewe, na sauti yako ile ya kujibu mwalimu, "Kwa nyumba. Mimi ndiyo hukaa karibu na jiko, ndiyo niongee."

Aliweka peni chini. Hakunitukana, ningependa angenitukana. Alituelezea pole pole, akikuangalia wewe si mimi, vile moshi inaingia kwa pumzi, inaenda kukaa kwa kichwa na kwa mishipa. Ukauliza kama itatoka. Akasema ukitoka kwa ile nyumba na kwa ile kazi, nyingi itatoka kidogo kidogo. Ukauliza, "Yote?" Akasema, "Sijui, Awino." Yule Persefone alikula mbegu chache tu huko chini, unakumbuka, na kwa sababu ya hizo mbegu hawezi kutoka kabisa, kila mwaka lazima arudi. Niliangalia viatu vya daktari. Mbegu nilikulisha mimi.

Nikamuuliza chupa iliyobaki niitupe wapi. Akafikiria, akaangalia dirisha. Huko nje kulikuwa na ziwa tu. Akasema, "Usitupe bado."

Tulipotoka tukafika barabara, lori ya samaki ilikuwa inakuja, nikanyoosha mkono nikushike tuvuke. Ukarudisha wako nyuma. Haukuwa na hasira. Ulisema pole pole, kama mtu anakumbusha mtu, "Usinishike, baba. Wewe ni Mida."

Tukavuka kila mtu peke yake. Tangu siku hiyo sijakushika, na ni mimi nimejizuia, usije ukafikiria sikutaka. Wiki hiyo hiyo nikaandikia mama yako aje.

Halafu juzi wewe ukaniletea mwisho! Ulikuja mbio na kitabu ya mwalimu, ile ina jalada, ina kurasa zote. "Baba, nimepata mwisho yako." Ukasoma, karatasi inatetemeka, unaishikilia na viwiko. Ati Mida alilia akamrudia yule mungu. Mungu akamwambia enda mtoni unawe. Akanawa, na ile kitu yote ikamtoka ikaingia kwa maji, akarudi nyumbani akamwagia mtoto wake hayo maji, akawa mtu tena. Na mchanga wa huo mto ukabaki na dhahabu mpaka leo. Ukafunga kitabu ukaniangalia. "Kwa hivyo enda unawe."

Ulisema hivyo ukiwa na matumaini, nyathina. Ulikuwa umenitafutia dawa.

Nikaenda. Hukujua, ulifikiria nimeenda kwa Onyango. Nilishuka mpaka mto Kuja, nikavua viatu. Nilikuwa naharakisha kama ile siku ya kitabu. Nilikuwa naamini! Nikainama. Na hapo juu yangu, upande maji inatoka, kulikuwa na watu kama ishirini na makarai yao, wanaosha, wanamwaga. Kila mtu anamwaga yake. Nikaanza kufikiria, na mimi nikianza siachi. Dhahabu iliingiaje kwa ule mto wa Mida? Ni mtu alinawa. Hiyo kitu haikuisha, ilihama tu. Yeye akaenda nyumbani kwa mtoto wake akiwa msafi, na watu wa chini ya mto wakaanza kuinama na makarai. Hakuna mtu aliandika juu ya watoto wa hao. Halafu nikauliza maji haya ya Kuja inaenda wapi. Nikacheka peke yangu mpaka mama mmoja akaniangalia. Inaenda ziwani. Na Mfangano iko wapi?

Sikunawa. Nilivaa viatu nikarudi.

Leo asubuhi Onyango alikuja, ukiwa umeenda kuteka maji. Amesikia mama yako anakuja kesho. Nikampa chai hapa nje. Akasema, "Mtoto wa kwetu hapelekwi kwa wajomba kama mbuzi mgonjwa. Watu watasema tumeshindwa na juogi."

Nikamwambia. Mara ya kwanza kwa maisha yangu nikamwambia mtu wa boma. Nikasema si juogi, na ile ya mama yako haikuwa chira. Ni mekuri. Ni mimi. Nilimweleza yote vile daktari alisema.

Alinisikiza mpaka mwisho. Halafu akacheka ile kicheko yake. "Wewe na vitabu! Mekuri tumeshika sisi wote. Mbona sisi hatutetemeki?" Na akiwa anasema hivyo aliinua kikombe, na kikombe ikaanza kugonga meno yake. Tik tik tik tik. Chai ikamwagika kwa suruali. Tukaangalia huo mkono sisi wawili. Aliushika na ule mwingine kama vile wewe hushika.

"Ni baridi," akasema.

Jua lilikuwa linachoma mabati, Awino.

Nikamwambia, "Wuod mama, ndugu yangu wa tumbo moja, una watoto watano kwa ile nyumba." Akasimama, akajipangusa. Nikafikiria amesikia, kwa sababu alikaa hapo kwa ua muda, amenipa mgongo. Halafu akageuka akasema, na hakuwa anaweza kuniangalia, "Kama wewe umeacha kazi, ile chupa yako si unipatie mimi?"

Sikumpatia. Amekasirika, amesema kesho hatakuja kuagana na nyinyi. Kwa hivyo nitakuwa peke yangu kukutoa kwa boma, na watasema nimetupa mtoto. Waseme. Mama yako akifika nitamwambia mbele ya wote watakaokuja kwamba hakuvunja mwiko wowote. Imechelewa miaka miwili na haitarudisha zile tumbo. Nitasema tu.

Chupa iko hapa chini karibu na mguu wangu. Nusu imebaki. Nikiimwaga mtoni itakufuata. Nikiizika mvua itaichimbua. Nikiiuza kuna mtoto mwingine mahali na sahani ya bati. Nimekuwa nikiiangalia tangu saa nane na haijui kama imefanya kitu. Inang'aa tu. Ni nzuri mpaka sasa, hiyo ndiyo inaniua. Nitakaa nayo. Nikilala itakuwa hapo, nikiamka itakuwa hapo, mpaka yule daktari apate mahali, kama mahali ipo.

Kitabu sikuwekei. Imekaa kwa ile moshi miaka yote, kurasa zimekunywa. Hadithi unazo kichwa, na za kwako zina mwisho.

Lakini nimetafuta kitu moja kwa hiyo mwisho ya mwalimu, nimeisoma mara tatu wakati umelala. Wanasema msichana akawa mtu tena. Hawasemi alifanya nini. Kama alimkimbilia baba yake, ama alisimama pale mbali akamuangalia. Hapo si mchwa. Hawakuandika.

Kesho nitabeba sanduku mpaka barabarani. Nimeifunga na kamba mpya ili nisiguse pande utashika wewe. Mama yako atapanda kwanza, halafu wewe. Mimi sitanyoosha mkono. Nitakuwa nimesimama hapo kando ya barabara, mikono iko nyuma, na usifikirie ni kiburi ama ni baridi.

Nasikia mbwa wa kina Pendo wanakusindikiza. Umefika kwa ua.

Baba yako